Keith Haring: Mchoraji wa chaki aliyewagawia wapita njia sanaa bure

ABIRIA waliokuwa wakingoja treni za chini ya ardhi jijini New York mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizoea kumwona kijana mwembamba mwenye miwani akichupa kutoka kwenye behewa, akitoa kipande cha chaki nyeupe mfukoni na kuanza kuchora. Hakutumia rula wala kifutio. Mstari mmoja uliinuka, ukapinda, ukakutana na mwenzake, na kabla ya treni ya pili kuwasili, pale palipokuwa na karatasi nyeusi tupu palikuwa na mtoto anayetambaa huku miale ya nuru ikimzunguka, au mbwa anayebweka, au watu wanaocheza ngoma chini ya chombo cha angani. Kisha kijana huyo alidandia treni iliyofuata, akatoweka.

Huyo alikuwa Keith Haring, ambaye aliaga dunia Februari 16, 1990 akiwa na umri wa miaka 31 tu. Katika muda wa miaka kumi alichora maelfu ya picha katika stesheni hizo, akapamba kuta za hospitali, shule na viwanja vya michezo katika mabara kadhaa, na karibu kila mara alikataa kulipwa kwa kazi hizo za hadharani.

Haring alizaliwa Mei 4, 1958 mjini Reading, jimbo la Pennsylvania, Marekani, akalelewa katika mji mdogo wa karibu uitwao Kutztown. Alikuwa kifungua mimba, akifuatwa na dada zake watatu. Babake, Allen, alikuwa mhandisi aliyependa kuchora vibonzo wakati wa mapumziko, na ndiye aliyemfunza mwanawe kushika kalamu. Baba na mwana waliketi pamoja jioni wakibuni wanyama na watu wa kuchekesha. Mtu anayetafuta chemchemi ya mtindo wa Haring hana haja ya kwenda mbali kuliko meza hiyo.

Mnamo 1976 alijiunga na chuo cha sanaa ya kibiashara mjini Pittsburgh, lakini haukupita muda mrefu kabla hajakiacha. Kuchora matangazo ya kuuzia watu bidhaa hakukumridhisha. Mwaka uliofuata alitazama mjini humo maonyesho makubwa ya Pierre Alechinsky, mchoraji kutoka Ubelgiji aliyeacha mkono ukimbie juu ya karatasi pasipo kuuwekea mipaka, na mafunzo aliyoyakosa darasani akayapata pale. Mnamo 1978, akiwa tayari amefanya maonyesho yake mwenyewe Pittsburgh, alifunga virago na kuhamia New York, akajiandikisha katika School of Visual Arts.

New York ya wakati huo ilikuwa imepigwa na uchumi mbaya na uhalifu. Treni zake zilifunikwa kwa grafiti kuanzia paa hadi magurudumu, kazi ya vijana wengi wao wakiwa Weusi na Walatino waliotumia rangi za kupuliza usiku wa manane. Haring aliwahusudu kwa ufundi wao. Hata hivyo, hakutaka kuwaiga. Alitafuta uwanja wake, akaupata mnamo 1980 alipotambua kwamba tangazo la biashara likiisha muda wake stesheni, lilibandikwa karatasi nyeusi hadi mteja mwingine apatikane. Karatasi hiyo ilikuwa laini, ikipokea chaki kama ubao wa shule. Wakati mwingine alichora picha 40 kwa siku moja. Waliozitazama walikuwa makarani, wapishi, wanafunzi na walevi wanaorudi nyumbani, watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga jumba la sanaa.

Kisheria huo ulikuwa uharibifu wa mali ya umma, na Haring alikamatwa mara nyingi. Alipigwa faini na kuachiliwa. Hapa yafaa kusema wazi jambo ambalo wasifu mwingi wa msanii huyu hulipitia juu juu. Mnamo Septemba 1983 kijana Mweusi aliyeitwa Michael Stewart, naye akiwa msanii, alikamatwa katika stesheni jijini humo kwa madai ya kuandika ukutani. Alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui, na akafa siku 13 baada ya kukamatwa. Maafisa walioshtakiwa waliondolewa hatia mnamo 1985. Haring, kijana Mzungu aliyefanya kosa hilo hilo mchana peupe mbele ya umati, alielewa vyema tofauti iliyokuwapo kati yao. Mwaka huo wa 1985 alichora picha kubwa ya kifo cha Stewart, yenye mwili mweusi ulionyongwa na mikono iliyofungwa pingu. Ni mojawapo ya picha zake chache zisizo na chembe ya furaha.

Umaarufu ulimjia kwa kasi. Mnamo 1982 alialikwa kwenye maonyesho ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, na mwaka huo huo jumba la Tony Shafrazi jijini New York likamwandalia maonyesho yaliyojaza watu pomoni. Andy Warhol akawa rafiki yake mkubwa. Lakini bei zilipopanda, watu walianza kuingia stesheni na visu na kubandua picha zake za chaki ili wakaziuze. Sanaa aliyoikusudia abiria ikaishia katika nyumba za matajiri, na kufikia mwaka wa 1985 alikuwa ameiacha kazi hiyo ya stesheni.

Jibu lake liliwakera wakosoaji. Mnamo Aprili 1986 alifungua duka katika barabara ya Lafayette, akaliita Pop Shop, akauza fulana, beji na mabango yenye michoro yake kwa bei ambayo mtoto wa shule angeimudu. Wapo waliosema amegeuka mchuuzi. Lawama hiyo haina mashiko, kwani aliyemlaumu kwa kuuza beji ya senti chache hakuona taabu kununua turubai ya maelfu ya dola.

Kwa Haring, ukuta ndio uliokuwa mahali hasa pa kazi. Miongoni mwa kuta zake zote, ule wa Harlem una kisa cha ajabu kuliko vingine. Msaidizi wake mmoja alikuwa ametekwa na kreki, ile kokeni ya kuvuta iliyokuwa ikiteketeza mitaa ya maskini, na juhudi za kumtafutia matibabu ziliambulia patupu. Kwa hasira, siku moja mnamo Juni 1986, Haring alibeba ngazi na rangi hadi kwenye kiwanja kidogo katika barabara ya 128, mahali ambapo vijana hugonga mpira ukutani kwa kiganja. Hakuomba ruhusa ya yeyote. Kwa siku moja tu aliujaza ukuta huo rangi ya machungwa, mafuvu, moto na watu wanaoanguka, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa maneno “Crack is Wack”, yaani kreki ni upuuzi mtupu. Madereva katika barabara kuu iliyo kando waliweza kuyasoma.

Polisi walimkamata papo hapo. Ila majira hayo televisheni zilikuwa zikizungumzia kreki usiku na mchana, nazo zikautumia ukuta huo kupambia taarifa zao. Ikawa vigumu kumfunga jela mtu anayepiga vita dawa za kulevya, na hatimaye akatozwa faini ndogo. Baadaye mtu asiyejulikana aliyageuza maandishi hayo yawe ya kuisifu kreki, na wafanyakazi wa idara ya bustani wakapaka ukuta wote rangi ya kijivu. Mkuu wa idara hiyo ndiye aliyemrudia Haring kumwomba radhi na kumsihi achore upya. Oktoba mwaka huo alirejea na kuchora pande zote mbili za ukuta, safari hii akiwa mgeni wa serikali ya jiji.

Mwezi huo huo, Oktoba 23, alikuwa Berlin. Makavazi yaliyo karibu na kituo cha mpakani cha Checkpoint Charlie yalikuwa yamemwalika kuchora kwenye Ukuta uliougawa mji huo. Juu ya msingi wa rangi ya manjano alichora, kwa nyeusi na nyekundu, mnyororo wa watu walioshikana mikono na miguu kwa urefu wa takribani mita 300. Rangi hizo tatu ndizo za bendera ya Ujerumani. Haukupita muda kabla ya wengine kupaka na kuchora juu ya kazi yake, na leo hakuna kilichosalia pale.

Afrika pia ilikuwa moyoni mwake. Bango lake la mwaka wa 1985 la kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini laonyesha mtu mweusi mkubwa kama jitu akiburutwa kwa kamba shingoni na mtu mweupe mdogo. Katika sehemu ya pili, jitu hilo limeamka na linamkanyaga anayelishika. Nakala 20,000 zilichapishwa na kugawiwa watu jijini New York.

Mnamo 1988 Haring aligunduliwa kuwa na UKIMWI. Hakuwahi kuficha kwamba alikuwa shoga, na sasa hakuficha maradhi yake pia, wakati ambapo wagonjwa wengi walifukuzwa kazini na kukimbiwa na jamaa. Mwaka wa 1989 aliyaeleza yote katika jarida la Rolling Stone lililosomwa kote Marekani. Aliunda wakfu wa kusaidia watoto na mashirika yanayokabiliana na ugonjwa huo. Badala ya kupunguza kazi, aliiongeza. Februari mwaka huo alichora mjini Barcelona, katika mtaa uliojaa mabomba ya sindano yaliyotupwa na watumizi wa heroini, akiwahimiza watu kuungana kuukomesha UKIMWI. Mei alikuwa Chicago akichora pamoja na wanafunzi wapatao 500 wa shule za umma.

Juni akaenda Pisa, Italia. Safari hiyo ilitokana na mwanafunzi wa huko aliyekutana naye barabarani New York mnamo 1987. Kwenye ukuta wa nyuma wa kanisa la Sant’Antonio Abate, wenye ukubwa wa mita 180 mraba, alichora watu na viumbe 30 waliosukana kama vipande vya fumbo: mama na mtoto, pomboo, mkasi unaomkata nyoka. Aliuita Tuttomondo, dunia nzima. Wakazi walikuja kumtazama kila siku akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, naye hakuwa na mchoro wa kuigiza. Kila mstari ulitoka kichwani moja kwa moja. Miezi minane baadaye alikuwa amefariki.

Kazi alizozitoa bure zimeendelea kuzozaniwa. Mchoro wake wa miaka hiyo ya 1980 katika ngazi za kituo cha vijana jijini New York, aliouchora bila malipo, ulikatwa ukutani vipande 13 na kupigwa mnada mnamo 2019 kwa takribani dola milioni 3.9. Mnamo 2024, picha 31 za chaki zilizobanduliwa stesheni ziliuzwa kwa jumla ya zaidi ya dola milioni 9. Jijini Paris mambo yalikwenda vingine. Hospitali ya watoto ya Necker ilipobomoa jengo lake la zamani, iliuacha umesimama mnara wa ngazi wa mita 27 ambao Haring aliupamba mnamo 1987, na mchoro huo ukakarabatiwa mwaka wa 2017 ili watoto wanaolazwa pale wauone.

Ukuta wa Harlem nao ulikarabatiwa upya mnamo 2019. Kiwanja chenyewe sasa kinaitwa kwa maneno yale yaliyomtia Haring mikononi mwa polisi.