DIAN FOSSEY: ALIVYOJIANDAA KWA SAFARI YAKE NDEFU



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu waliotutangulia, safari hii tunawaletea habari za mwanamke ambaye jina lake linajulikana sana Rwanda, Congo na Uganda. Naye ni Dian Fossey, Mmarekani aliyeishi miaka mingi katika milima ya Virunga akichunguza maisha ya gorila, wale ambao Wanyarwanda huwaita ingagi. Hakuwa mhubiri wala mmisionari, na si kila alilotenda ni la kuigwa. Tumemchagua kwa sababu moja. Alijiandaa kwa safari ya nchi ya mbali kwa fedha yake na kwa akili yake, na siku alipofukuzwa mahali pake pa kwanza, matayarisho yale ndiyo yaliyomwezesha kuanza tena. Kwetu sisi tuliokimbia, na kwa wale miongoni mwetu wanaongoja safari nyingine, habari zake zina somo.

Kuzaliwa na kazi yake ya kwanza

Dian alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 katika mji wa San Francisco, jimbo la California, huko Marekani. Wazazi wake waliachana akiwa bado mdogo, akalelewa na mama yake pamoja na baba wa kambo. Tangu utoto alipenda wanyama, akaanza masomo ya udaktari wa mifugo, lakini masomo ya sayansi yakamshinda. Hakukaa nyumbani kulia. Alibadili njia akasomea kazi ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu kujifunza tena kutumia mikono na viungo vyao, akamaliza mwaka 1954. Baadaye alihamia mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, akawa mkuu wa kitengo hicho katika hospitali ya watoto wenye ulemavu. Aliishi nje ya mji, kwenye shamba la mifugo.

Kwa miaka mingi alikuwa na hamu ya kuiona Afrika. Rafiki yake mmoja alisafiri akarudi na picha na masimulizi. Dian naye alitamani kwenda, lakini fedha hakuwa nayo. Hapa ndipo habari ya matayarisho yake inapoanza.

Alivyokusanya fedha

Mwaka 1963 Dian aliamua. Alitoa akiba yake yote, nayo haikutosha. Akaenda benki akakopa dola 8,000, fedha iliyokaribia mshahara wake wa mwaka mzima, kwa ahadi ya kulipa katika miaka 3. Fedha yote hiyo ilikuwa kwa safari ya wiki 7 tu.

Tuangalie vizuri jambo hili, maana wengine wetu tuna vikundi vya kuweka akiba na kukopa. Dian alikopa akiwa na kazi ya mshahara ambayo angeirudia. Alijua deni litalipwa na nini, na kwa muda gani. Hakukopa kwa kutumainia kwamba huko aendako mambo yatajipa yenyewe.

Fedha ilipopatikana, hakukimbilia kiwanja cha ndege. Alitumia miezi kadhaa kupanga njia, nchi kwa nchi, akichagua sehemu ambazo watalii wengi hawakuzifikia. Wakati ule hapakuwa na simu za mkononi. Kwa hiyo aliandika barua hadi Nairobi akamkodi dereva wa kumzungusha, akiwa bado yuko Kentucky. Alijua pia kwamba mapafu yake si imara, maana alikwisha kuugua nimonia.

Safari ya mwaka 1963

Septemba 1963 alifika Nairobi. Alipita Kenya na Tanganyika. Huko Olduvai alikutana na Dk. Louis Leakey, mtafiti mashuhuri wa Kenya aliyekuwa akichimba mifupa ya kale. Siku hiyohiyo Dian alianguka katika shimo la machimbo akaumia kifundo cha mguu. Mwingine angerudi nyumbani, lakini yeye baada ya wiki 2 alikuwa akipanda mlima kwa mguu huohuo.

Katikati ya mwezi wa Oktoba alifika Kisoro, katika hoteli ndogo iitwayo Travellers Rest. Wengi wetu tunaijua Kisoro, kwa kuwa ndiyo iliyotupokea tulipovuka Bunagana. Kutoka hapo aliingia Congo, akapanda hadi Kabara, kwenye uwanda ulio chini ya kilele cha Mikeno, mahali penye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000. Huko aliwakuta Alan na Joan Root, wapiga picha za wanyama kutoka Kenya, na kwa msaada wao akawaona gorila kwa mara ya kwanza.

Kisha akarudi Louisville kazini, maana deni lilikuwa likimngoja. Lakini safari ile hakuiacha ipotee. Aliandika habari zake katika gazeti la mji ule, pamoja na picha, na kurasa zile akazitunza.

Miezi 8 ya kungoja

Mwaka 1966 Dk. Leakey alikuja Louisville kutoa mhadhara. Dian alimwendea akiwa na kurasa zake za gazeti mkononi. Leakey alikuwa akitafuta mtu wa kuwachunguza gorila kwa miaka mingi, kama Jane Goodall alivyokuwa akiwachunguza sokwe huko Gombe, Kigoma, tangu mwaka 1960. Alimpa Dian nafasi hiyo, akamwambia akatolewe kidole tumbo kwanza, kwa sababu mlimani hakuna hospitali. Dian akafanyiwa upasuaji. Baadaye Leakey akamwandikia kwamba halikuwa la lazima, alitaka tu kujua kama ana nia ya kweli.

Nafasi ilikuwepo, lakini fedha ya kazi bado. Ilimchukua Leakey miezi 8 kuipata. Wapendwa, miezi hiyo 8 ndiyo sehemu tunayotaka kila msomaji aishike. Mtu anayengojea jibu la safari huona siku ni ndefu. Wengine huacha kulima kwa kusema kwamba karibu wataondoka. Wengine huuza vitu vyao mapema, au huwatoa watoto shuleni. Dian alifanya mambo matatu. La kwanza, alimaliza kulipa deni la safari yake ya kwanza. La pili, alisoma vitabu vya George Schaller, mtafiti aliyewachunguza gorila kule Kabara miaka michache kabla yake. La tatu, alinunua kitabu cha kujifundisha Kiswahili, akaanza kujifunza lugha yetu akiwa peke yake, mbali na mtu wa kumsahihisha.

Fedha ilipopatikana kwa wafadhili, ilimkuta hana deni, ana ujuzi, na ana maneno ya kuanzia ya kusemezana na watu.

Kupanga vyombo, na watu pia

Desemba 1966 alifika tena Nairobi. Joan Root alimsaidia kununua vyakula na vyombo vya kambi. Leakey alimnunulia gari kuukuu aina ya Land Rover lenye paa la turubai, ambalo Dian aliliita Lily. Kabla ya kwenda Congo, alipita Gombe kwa Jane Goodall ili aone jinsi mwenzake anavyofanya kazi. Alan Root alifuatana naye kutoka Kenya hadi Congo, akamsaidia kupata vibali, akamtafutia wafanyakazi 2 wa kukaa naye na wapagazi wa kupandisha mizigo. Alikaa naye siku 2 kambini, kisha akaondoka.

Januari 1967 Dian alibaki Kabara katika hema moja ambalo lilikuwa chumba cha kulala, ofisi, bafu na mahali pa kuanikia nguo. Mara moja kwa mwezi aliteremka mlima, akaendesha gari muda wa saa 2 hadi kijiji cha Kikumba kununua chakula. Mengi yalikuwa ya makopo, pamoja na viazi.

Kufukuzwa

Wazee wetu waliokuwa Kivu mwaka 1967 wanaukumbuka kama mwaka wa mamluki. Mapema mwezi wa Julai waliasi, na mwezi uliofuata kiongozi wao Jean Schramme aliuteka mji wa Bukavu. Tarehe 9 Julai askari walipanda Kabara wakamteremsha Dian pamoja na mizigo yake. Alizuiliwa Rumangabo kwa muda wa wiki 2 hivi, bila kujua mwisho wake.

Alitoka kwa werevu. Aliwaambia walinzi kwamba gari lake linapaswa kuandikishwa Uganda, na kwamba huko kuna fedha yake ambayo wangepata sehemu. Wakakubali kumsindikiza. Walipofika Kisoro kwenye Travellers Rest, mwenye hoteli, Walter Baumgärtel, aliyemfahamu tangu mwaka 1963, aliwaita askari wa Uganda, nao wakawakamata wale walinzi. Dian akawa salama, lakini kazi ya miezi 6 ilikuwa imebaki upande wa pili wa mpaka.

Alihojiwa Kisoro. Kisha akafika Kigali, akahojiwa tena. Kigali wakati ule ilikuwa mji mkuu mdogo wa nchi iliyopata uhuru miaka 5 tu kabla, tarehe 1 Julai 1962. Sisi tunajua vizuri habari ya kuhojiwa mara mbili kwa jambo lilelile, katika nchi mbili, na mtu umechoka. Kutoka Kigali akasafiri hadi Nairobi.

Kuanza tena

Nairobi alikutana na Leakey wakashauriana. Ubalozi wa Marekani haukutaka arudi milimani. Yeye aliamua kurudi, lakini kwa upande wa Rwanda, kwenye milima ileile. Na hapa tunaona faida ya matayarisho. Kambi ya Kabara ilikuwa imepotea, lakini Kiswahili alikuwa nacho, na ujuzi wa kuwafuatilia gorila alikuwa nao. Marafiki pia alikuwa nao, na akapata wapya. Rosamond Carr, Mmarekani aliyekuwa na shamba la maua karibu na Gisenyi, alimsaidia kuifahamu nchi. Mama mmoja wa Kibelgiji, Alyette de Munck, alizunguka naye kutafuta mahali pa kambi, ingawa siku zilezile alikuwa katika msiba, kwa kuwa mwanawe na mpwa wake waliuawa Congo.

Tarehe 24 Septemba 1967, miezi miwili hivi baada ya kutoka Rumangabo, Dian alianzisha kambi kati ya milima Karisimbi na Visoke. Aliunganisha majina hayo mawili akapaita Karisoke. Huko alifanya kazi kwa miaka 18, pamoja na vipindi vya kwenda nje. Mmoja wa vipindi hivyo ulimpeleka Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, akapata shahada ya udaktari. Mwaka 1983 alitoa kitabu kilichowajulisha watu wa dunia habari za gorila wa Virunga.

Mwisho wake

Tuseme ukweli wote. Dian alikuwa mkali, na aliwatendea kwa ukatili majangili aliowakamata. Aligombana na wafugaji, na wafanyakazi wake, na hata na watafiti wenzake. Hasira yake iliongezeka baada ya gorila aliyempenda, Digit, kuuawa na majangili mwishoni mwa mwaka 1977. Alijua kujiandaa kwa safari kuliko alivyojua kuishi kwa amani na majirani wa mlima ule. Hilo nalo ni onyo.

Mapema Desemba 1985, baada ya muda wa kupewa viza fupifupi, alipata viza ya miaka 2. Usiku wa tarehe 26 mwezi huohuo aliuawa ndani ya nyumba yake Karisoke. Alizikwa palepale, karibu na makaburi ya gorila. Wakati wa hesabu ya mwaka 1981, gorila wa Virunga walikuwa kama 250. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilipata 604. Kazi hiyo ni ya watu wengi, hasa walinzi wa mbuga wa nchi zetu tatu, na wengi wao walikufa kazini.

Somo kwetu

Biblia inatupa mfano wa Nehemia. Aliposikia habari za Yerusalemu alilia, akafunga, akaomba kwa miezi kadhaa. Mfalme alipomwuliza haja yake, alikuwa na jibu tayari: muda wa safari, barua za kupita kwa maliwali, na miti ya kujengea (Nehemia 1 na 2). Maombi yake na mipango yake vilikwenda pamoja. Naye Bwana wetu alifundisha habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28).

Ndugu unayengoja majibu, lima bustani yako msimu huu. Lipa deni la dukani. Mpeleke mtoto shule. Jifunze lugha ya huko uendako, hata kwa kitabu kilichochakaa. Tunza vyeti vyako mahali pakavu. Mizigo inaweza kubaki mpakani, kama ilivyotupata wengi wetu. Lugha, ujuzi, jina la kuwa mtu asiye na deni, na marafiki wa kweli, askari hawezi kukuteremshia njiani. Na kama safari isipokuja, vitu hivyo vitakufaa hapahapa.