Beatrix Potter: Koti la Kubuni, Sungura wa Kweli
Beatrix Potter (1866–1943), mzaliwa wa London, alifuga sungura na panya tangu utotoni, akawachora kwa makini. Mwaka 1897 makala yake kuhusu kuota kwa spora za uyoga iliwasilishwa na mwanamume katika Linnean Society, kwani wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Hadithi ya sungura Peter, iliyoanza kama barua kwa mtoto mgonjwa mwaka 1893, nayo ilikataliwa na wachapishaji kadhaa. Mwaka 1901 akachapisha nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe. Hivyo basi, anayeziona picha zake kuwa mzaha mtupu hupotoka: koti ni la kubuni, bali viungo vilivyomo ndani yake ni vya sungura halisi, matunda ya jicho la mtafiti.