Kazuko Takatsukasa: Binti wa Mfalme wa Japani aliyeolewa akawa raia

Mwezi Mei mwaka 1950, Kazuko, binti wa tatu wa Mfalme Hirohito wa Japani, alifunga ndoa jijini Tokyo na Toshimichi Takatsukasa, mtumishi wa jumba la makumbusho ya usafirishaji. Aliamka siku ile akiwa mmoja wa familia ya kifalme, na kwa ndoa hiyo akatoka humo moja kwa moja. Jina lake liliondolewa katika daftari la ukoo wa Mfalme, likaandikwa katika rejista ya familia ya mumewe, kama wanavyoandikwa wanawake wengine wote wa nchi hiyo. Kwa mara ya kwanza maishani akawa na jina la ukoo, kwa kuwa Mfalme wa Japani na jamaa zake hawana. Akapata pia haki ya kupiga kura, ambayo baba yake hakuwa nayo.

Kazuko alizaliwa tarehe 30 Septemba 1929, wakati ambapo kasri nzima ilikuwa ikingoja mtoto wa kiume. Dada yake mkubwa, Shigeko, alikuwa amezaliwa mwaka 1925. Wa pili, Sachiko, alifariki mwaka 1928 akiwa bado mchanga. Wa tatu akawa ni yeye, na wa nne, Atsuko, akazaliwa mwaka 1931, naye msichana. Sheria ya Japani haikumruhusu mwanamke kurithi kiti, hivyo baadhi ya wakuu wa kasri walimshauri Mfalme achukue suria, kama walivyofanya wafalme wengi wa zamani. Hirohito alikataa. Mwaka 1933 akazaliwa Akihito, na minong'ono ikakoma.

Ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba watoto wa Mfalme hawalelewi na wazazi wao. Kazuko na dada zake walipofikia umri wa kwenda shule waliwekwa katika makazi yaliyoitwa Kuretake, chini ya uangalizi wa walezi, wakasoma katika shule ya Gakushuin iliyokuwa ya watoto wa mabwana. Baba na mama waliwaona kwa zamu, si kila siku. Msomaji asiharakishe kudhani kwamba maisha ya huko yalikuwa ya kudekezwa. Yalikuwa ya ratiba, heshima na kunyamaza, na mtoto alizoea mapema kwamba kutamani kwake hakuwi sababu ya jambo kutendeka.

Kisha vikaja vita, na baada ya vita, sheria mpya. Hapa ndipo hatima ya Kazuko ilipoamuliwa, naye akiwa hajatimiza miaka 18.

Kabla ya hapo, binti wa Mfalme hakukosa mahali pa kuolewa ndani ya ukoo. Mabinti wanne wa Mfalme Meiji waliofikia utu uzima waliozwa wote kwa wana wa matawi ya ukoo wa kifalme, wakabaki na hadhi yao. Shigeko naye, mwaka 1943, aliolewa na Morihiro wa tawi la Higashikuni. Lakini tarehe 3 Mei 1947 Katiba mpya ilianza kutumika, ikafuta vyeo vyote vya kimwinyi. Siku hiyo hiyo ikaanza kutumika Sheria mpya ya Nyumba ya Kifalme, ambayo kifungu chake cha 12 kinasema kuwa mwanamke wa familia hiyo akiolewa na mtu asiye wa familia hiyo, hadhi yake inakoma. Mwezi Oktoba mwaka huo matawi 11 ya ukoo, yenye watu 51, yaliondolewa kwa pamoja katika familia ya kifalme, likiwemo tawi la Higashikuni. Shigeko akapoteza hadhi pamoja na mumewe.

Waliobaki walikuwa Mfalme, mama yake, mkewe na watoto wake, pamoja na ndugu zake watatu wa kiume na nyumba zao. Kwa Kazuko, wanaume wa ukoo waliosalia walikuwa ni kaka zake wadogo, baba zake wadogo na mtoto mchanga wa mmoja wa baba wadogo hao. Kwa hiyo sheria haikumwambia aondoke. Ilimwachia achague kati ya kuondoka na kukaa bila mume, na katika Japani ya miaka ile jambo la pili halikuhesabiwa kuwa chaguo.

Alimaliza masomo mwaka 1948, akapelekwa kukaa katika nyumba ya Saburo Hyakutake, aliyekuwa zamani mkuu wa wahudumu wa Mfalme, ili ajifunze kazi za nyumbani. Ikumbukwe kuwa msichana huyu hakuwa amewahi kulazimika kupika wala kununua chochote kwa mkono wake.

Mchumba aliyepatikana hakuwa mtu wa mbali kama neno raia linavyodokeza. Takatsukasa ni moja ya nyumba tano za ukoo wa Fujiwara ambazo kwa karne nyingi ndizo zilizotoa wasimamizi wa kiti cha kifalme. Baba wa Toshimichi, Nobusuke, alikuwa na cheo cha kimwinyi kabla ya vyeo kufutwa, mtaalamu wa elimu ya ndege, na mkuu wa hekalu la Meiji jijini Tokyo. Toshimichi mwenyewe alipenda magari ya moshi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomfikisha kwenye kazi yake. Hata hivyo, mbele ya sheria alikuwa mfanyakazi wa mshahara, na magazeti yaliishangilia harusi ile kama dalili ya Japani mpya. Hakuna binti mwingine wa Mfalme aliyekuwa amevuka namna hiyo kabla yake. Atsuko alifuata mwaka 1952, na mdogo wao wa mwisho, Takako, mwaka 1960.

Mwaka 1959 Akihito, mrithi wa kiti, alimwoa Michiko Shoda, binti wa mfanyabiashara. Michiko hakuwa na nasaba ya kimwinyi, lakini kwa ndoa hiyo aliingia katika familia ya kifalme na hatimaye akawa Malkia. Dada, ambaye mumewe alitoka katika nyumba ya Fujiwara, alikuwa nje, na wifi yake alikuwa ndani. Kifungu cha 12 hakiwahusu wanaume.

Kazuko na Toshimichi hawakujaliwa mtoto. Waliishi kwa utulivu, na kwa miaka zaidi ya kumi habari zao zilikuwa haba. Mwaka 1961 Shigeko alifariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 35. Kisha, tarehe 28 Januari 1966, Toshimichi alikutwa amekufa katika nyumba ya mhudumu mmoja wa klabu ya usiku, ambaye naye alikutwa amekufa kando yake. Waliuawa na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Alikuwa na miaka 42. Mkasa huo ulijaa magazetini, na yale magazeti yaliyomshangilia bibi harusi yakawa sasa yanamsubiri mjane mlangoni. Yeye alinyamaza.

Mwaka huo huo mtu mwenye kisu alivunja na kuingia nyumbani kwake, akamjeruhi mikononi. Akiwa raia, Kazuko hakuwa na walinzi wa kasri. Hirohito, ambaye kisheria hakuwa na wajibu wowote juu ya mwanamke mwenye jina la Takatsukasa, alitaka binti yake ahamie katika nyumba iliyo ndani ya uwanja wa kifalme wa Akasaka. Akahamia. Jina lake halikurudi katika daftari la ukoo, kwa maana sheria haina njia ya kumrudisha aliyetoka kwa ndoa, hata akiwa mjane. Lakini aliishi ndani ya ukuta huo hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1974 alipewa kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kuiomba. Katika mji wa Ise, mkoa wa Mie, kuna hekalu kuu la dini ya Shinto, lililowekwa kwa Amaterasu, mungu wa kike wa jua, ambaye ukoo wa kifalme unajihesabu kuwa uzao wake. Kuhani mkuu wa sherehe zake husimama badala ya Mfalme. Zamani kazi hiyo ilishikwa na wanaume wa ukoo. Baada ya vita, serikali na dini zilipotenganishwa, ilikwenda kwa Fusako Kitashirakawa, binti wa Mfalme Meiji, ambaye naye alikuwa miongoni mwa wale 51 walioondolewa mwaka 1947. Fusako alipofariki mwaka 1974, Kazuko akachukua nafasi yake.

Ni hali ya ajabu kidogo, na sheria yenyewe haikuikusudia. Kazuko alitakiwa kwa sababu ni damu ya Mfalme, na aliweza kushika kazi hiyo akiwa raia asiye na cheo chochote cha serikali. Kila mwaka alikwenda Ise kuongoza ibada kubwa, pamoja na ile ya Oktoba ya kutoa sadaka ya mpunga mpya. Majengo makuu ya hekalu hilo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, juu ya kiwanja kilicho kando ya yale ya zamani. Yalikuwa yamejengwa upya mwaka 1973, mwaka mmoja kabla hajaingia, hivyo hakupata kamwe kuiongoza sherehe hiyo.

Alijiuzulu mwaka 1988, akamwachia mdogo wake Atsuko. Tarehe 7 Januari 1989 baba yake alifariki, na Akihito akakalia kiti. Tarehe 26 Mei mwaka huo, Kazuko Takatsukasa alifariki dunia kwa maradhi ya moyo akiwa na umri wa miaka 59. Atsuko ndiye aliyekuwa kuhani mkuu wakati wa uhamisho wa hekalu wa mwaka 1993, na tena wa mwaka 2013. Mwaka 2017 alimkabidhi kazi Sayako Kuroda, binti pekee wa Akihito, aliyetoka katika familia ya kifalme kwa ndoa mwaka 2005, kwa kifungu kile kile.