Ben Hogan, mutoto wa mufua-vyuma aliyerudilia kazi na miguu iliyovunjika

Golfu watu wanasema ni mchezo wa wakubwa. Hapa Lubumbashi tuko na kartie nzima inaitwa Golf, na wengi wetu tunaipita pembeni tu. Lakini Ben Hogan, Mwamerika mwenye watu wengi wanamuhesabu kati ya wapigaji bora wa golfu wa dunia, hakutoka mu nyumba ya wakubwa.

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa nane 1912 mu Texas. Baba yake Chester alikuwa mufua-vyuma, kazi ya nyundo na moto, sawa ile tunajua. Wakati ule motokari zilianza kujaa na farasi kupunguka. Mu 1922, pale Fort Worth, baba alijiua kwa bastola. Ben alikuwa na miaka 9. Mama yake Clara akabaki na watoto watatu, akaanza kushonea watu nguo. Ben naye akauzisha magazeti pa gare.

Alipofika miaka 11 akaenda Glen Garden, kiwanja cha golfu, kubeba mifuko ya fimbo za wenye feza. Pale pale alikuwako mutoto mwingine wa rika lake, Byron Nelson, na yeye akakuwa bingwa. Mu 1930 Ben akafanya golfu kuwa kazi yake ya kuishi.

Sasa tusikilizane vizuri: mu kazi ile hakuna mushahara wa mwisho wa mwezi. Safari unalipa mwenyewe, hoteli mwenyewe, chakula mwenyewe. Ukipiga mubaya unarudi mikono mitupu. Hogan alirudi vile mara nyingi. Mu 1938 kule Oakland feza zilibaki kidogo sana, yeye na bibi yake Valerie, na usiku wezi wakaondoa magurudumu ya motokari yao. Akashinda feza kidogo pale, wakaweza kuendelea. Kushinda yeye peke yake kulikuja paka mu 1940, nyuma ya miaka 10. Alikuwa anapiga mipira kutoka asubuhi mpaka giza, kila siku. Halafu vita, jeshi la ndege. Halafu ushindi mukubwa mu 1946 na mara mbili mu 1948.

Tarehe 2 mwezi wa pili 1949, yeye na Valerie walikuwa wanarudi nyumbani. Karibu na Van Horn, mu ukungu, bisi kubwa ikatoka kupita kamyo juu ya daraja ndogo, ikawakuja mbele. Hogan akajitupa juu ya bibi yake ili amukinge. Njo ile ilimuokoa na yeye: chuma cha usukani kilitoboa kiti chake. Valerie akapona na vidonda vidogo. Ben alivunjika nyonga mara mbili, mufupa wa bega, kifundo cha muguu, ubavu. Pale lupitalo ya El Paso damu ikaanza kuganda mu mishipa. Wakamuleta daktari Ochsner kutoka New Orleans na ndege ya jeshi, akafunga mushipa mukubwa unaopandisha damu ya miguu. Siku 59 pa kitanda.

Ndege ya jeshi, wandugu! Mutu wetu akiangukiwa na jiwe chini ya ardhi, anangojea kwanza karatasi itiwe sahihi. Kwa hiyo musikubali mutu achukue habari ya Hogan kuwachekelea wale ambao hawakuweza kusimama tena.

Mwezi wa sita 1950, nyuma ya miezi 16, alifika Merion, karibu na Philadelphia, miguu imefungwa bandeji. Siku ya posho ilikuwa kutembea matundu 36. Miguu ikakaza, akakaribia kuanguka. Mubeba-fimbo njo alikuwa anainama kutoa mupira mu tundu. Pa tundu la mwisho akapiga fimbo ya chuma moja kutoka mbali, mupira ukafika pa majani ya tundu. Akalingana na Lloyd Mangrum na George Fazio. Kesho yake wakarudilia watatu: Hogan 69, Mangrum 73, Fazio 75.

Mu 1953 alishinda Masters, US Open, na ile ya Uingereza kule Carnoustie, mara moja tu aliyoichezea. New York wakamumwangia makaratasi mu balabala. Kwa mashindano makubwa 9 aliyoshinda, 6 yalikuja nyuma ya ajali.

Mwaka ule ule akafungua kiwanda chake cha fimbo pale Fort Worth. Fimbo za kwanza zilipotoka akaziangalia, akazikataa zote, hazikumutosha. Alikufa tarehe 25 mwezi wa saba 1997, miaka 84. Valerie alimufuata mu 1999.