Kwaya ya jirani na Askofu wa Nyabihanga

Ndugu msomaji, kama unaimba kwaya, leo nakuandikia wewe hasa.

Unaijua hali hii. Misa ya kwanza imeimbwa na kwaya ya parokia, yenye kinanda kipya na sare zilizoshonwa na fundi mmoja. Ninyi wa kigangoni mmepangiwa misa ya pili, na mna ngoma mbili na kayamba. Mnaingia kanisani mkiwa mmekwisha kushindwa kabla ya wimbo wa mwanzo. Misa ikiisha, hakuna anayeuliza kama watu wamesali. Mnaulizana nani kaimba vizuri. Huku kwetu kuelekea Rusumo nimeona walimu wawili wa kwaya wakipishana njiani bila salamu karibu mwaka mzima, na chanzo ni hicho tu.

Sisi mapadre hatuna haki ya kuwacheka. Nilipopewa parokia yangu ya kwanza, nyumba ilivuja na pikipiki haikuwa na breki. Wenzangu niliopadrishwa nao walikuwa wamepangiwa mjini. Nilikuwa nahubiri huku moyoni nahesabu matoleo yao. Hata Petro, akiisha kukabidhiwa kondoo, aligeuka nyuma kumtazama Yohane na kutaka kujua huyu naye atakuwaje. Soma Yohane sura ya 21 utamkuta, na huenda ukajikuta na wewe.

Nikifika hapo humkumbuka Askofu Christopher Mwoleka.

Alizaliwa mwaka 1927, akapadrishwa mwaka 1962, na mwaka 1969 akawa Askofu wa Rulenge. Fikiria mahali alipowekwa. Jirani yake ilikuwa Bukoba, jimbo alilotokea Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi katika nyakati zetu, aliyevishwa kofia nyekundu mwaka 1960 na wakati huo amekwisha kuhamia Dar es Salaam kuwa Askofu Mkuu. Rulenge ilikuwa pembezoni, imepakana na Rwanda na Burundi, mbali na kila kinachoitwa mji. Mtu angeweza kuumaliza uaskofu wake wote akiangalia ng'ambo ya kilima.

Yeye akaangalia kijiji. Miaka miwili kabla ya uaskofu wake lilikuwa limetoka Azimio la Arusha, na wakristo wengi walikuwa na hofu kwamba Ujamaa ni ukomunisti uliovaa kanzu ya Kiswahili. Mwoleka aliona kitu kingine ndani yake, watu kuishi pamoja na kugawana walicho nacho. Wala hakuishia kwenye barua za kichungaji. Alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akawa anaishi humo kila kazi za jimbo zilipomruhusu, akishika jembe pamoja na wanakijiji. Askofu! Wapo waliomwona mtu wa ajabu, na wengine ndani ya Kanisa walisema hivyo waziwazi.

Alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa Utatu Mtakatifu. Aliona tumeugeuza Utatu kuwa kitendawili cha hesabu, watatu wawezaje kuwa mmoja, wakati Mungu ametufunulia maisha yake ili tuyaige. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu hushirikishana kila kitu bila kubakiza. Kwa Mwoleka, hilo ndilo la kuanzia mkristo anapojiuliza aishije na jirani yake.

Nakiri somo hili la Utatu nililisoma seminarini kwa istilahi ndefu na nikafaulu mtihani. Jioni ileile tuligombana nani atangulize zaburi siku ya sikukuu. Sikuona kabisa kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Yanahusiana, msomaji wangu. Baba si Mwana, na Mwana si Roho. Tofauti yao haifutwi, lakini hakuna anayeigeuza ngazi ya kumpanda mwenzake. Mwenye sauti ya tatu kwenye kwaya yako si soprano aliyefeli.

Sasa niseme ukweli wote. Kwa kipimo cha mafanikio, Mwoleka hakushinda. Katikati ya miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na ujamaa alioupenda ukawa amri. Baadaye ukafifia. Kama angekuwa mtu wa kujilinganisha, hapo ndipo moyo ungekatika. Kilichobaki ni jumuiya ndogondogo, nyumba chache zinazosali na kusaidiana, ambazo maaskofu wa AMECEA walizifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976. Zilikuwa na watetezi wengi, na yeye alikuwa mmoja wao.

Alikuwa bado Askofu wetu Aprili 1994. Upande wa pili wa mto, si mbali na daraja la Rusumo, waamini waliokimbilia kanisa la Nyarubuye walikuwa wameuawa humo humo. Mwishoni mwa mwezi huo, ndani ya takriban siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja na kujaa Benako. Sisemi wivu wa kwaya ni sawa na mauaji. Lakini tunaoishi karibu na daraja lile tumeona jinsi watu waliobatizwa kwa maji yaleyale wanavyoweza kupimana, huyu nani na yule nani, mpaka Misa isiweze tena kuwazuia.

Mwoleka aling'atuka mwaka 1996, akafariki mwaka 2002. Vijana wengi wa kwaya zetu hawajui hata jina lake.

Jumapili ya Utatu ya mwaka jana niliwaomba wale walimu wawili wabadilishane kwaya kwa misa moja tu. Mmoja alikataa, na sikumlazimisha. Mwingine alikuja na ngoma yake, akaketi nyuma ya kinanda cha wenzake, akasubiri aoneshwe mahali pa kuingilia.