Faraday: Mjalidi vitabu aliyejiundia betri kwa sarafu

MWANAFUNZI wa fizikia katika shule ya sekondari ya Mutomo, Kaunti ya Kitui, sawa na mwenzake kokote nchini, hukutana na jina la Michael Faraday katika sheria anayopaswa kuikariri kabla ya mtihani. Aghalabu haambiwi kwamba mwenye sheria hiyo alikuwa mwana wa mhunzi maskini, aliyejifunza umeme kwa vifaa alivyoviunda mwenyewe.

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, Newington Butts, eneo ambalo sasa ni sehemu ya London. Baba yake alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara, na masomo ya kijana yalikomea kusoma, kuandika na kuhesabu. Mnamo 1805, akiwa na umri wa miaka 14, alipelekwa kwa George Riebau kujifunza kazi ya kujalidi vitabu kwa miaka saba.

Vitabu alivyovishona mchana alivisoma usiku. Makala kuhusu umeme katika ensaiklopidia moja ilimvutia mno, akaanza kujaribu mwenyewe aliyoyasoma. Mnamo 1812 aliunda betri kwa sarafu saba za shaba, vipande saba vya zinki na karatasi sita zilizoloweshwa maji ya chumvi.

Mwaka huo huo mteja wa duka alimpa tiketi za mihadhara minne ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi na kumpelekea Davy. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Agosti 29, 1831, alizungushia pete ya chuma koili mbili za waya, akizitenga kwa kitambaa na uzi. Alipounganisha koili ya kwanza na betri, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa koili ya pili ilishtuka, kisha ikatulia. Alipoikata betri, ilishtuka tena. Mkondo uliotulia haukuzaa kitu. Mabadiliko ndiyo yaliyozaa umeme. Oktoba 17 alithibitisha hilo kwa kuingiza sumaku ndani ya koili na kuitoa.

Pete hiyo ndiyo iliyozaa transfoma zinazoning'inia kwenye nguzo za umeme. Nayo mitambo ya Kindaruma na Masinga katika Mto Tana huzalisha umeme kwa kanuni iyo hiyo.

Faraday hakuwa hodari wa hisabati. Ni James Clerk Maxwell aliyeyageuza mawazo yake kuwa milinganyo. Hata hivyo, kati ya 1827 na 1860, alitoa misururu 19 ya mihadhara ya Krismasi kwa vijana, akiwafanyia majaribio mbele ya macho yao. Alikataa cheo cha heshima cha Uingereza na pia urais wa Royal Society. Alifariki Agosti 25, 1867, akiwa na umri wa miaka 75.

Leo shule isiyo na maabara kamili yaweza kurudia jaribio la sumaku kwa waya wa shaba uliotolewa kwenye redio mbovu, sumaku moja na galvanomita moja. Mwanafunzi aliyeizungusha koili kwa mkono wake na kuiona sindano ikicheza hatahitaji kukariri kwamba sumaku iliyotulia haizai mkondo.