Graham Greene: mpelelezi aliyejua uzito wa ripoti ya uongo

Graham Greene alikuwa mwandishi Mwingereza aliyefika Kongo yetu mwanzoni mwa 1959. Alikaa kati ya wagonjwa wa ukoma kule Yonda, karibu na Coquilhatville, leo Mbandaka, akatoka na riwaya. Lakini riwaya zake za upelelezi zina asili nyingine: kazi aliyofanya wakati wa Vita ya Pili ya Dunia.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1904, Berkhamsted. Baba yake alikuwa mkubwa wa shule aliyosomea, na wanafunzi wenzake walimtesa. Mapema alionja uchungu wa kusimama katikati ya pande mbili.

Mwaka 1941 aliingia katika idara ya ujasusi ya Uingereza, na 1942 akatumwa Freetown, Sierra Leone. Kwa macho ya watu alikuwa polisi. Kazi yake ilikuwa kuchungulia Guinea, iliyokuwa chini ya Wafaransa wa Vichy, na kupekua meli za Wareno zilizotoka Angola, zisiwapelekee Wajerumani almasi au barua za siri. Barua kama hiyo imo katika The Heart of the Matter ya 1948: afisa wa polisi anaikuta melini, anamhurumia nahodha, anaichoma. Kuanguka kwake kunaanzia hapo.

Mwaka 1943 alirudi Uingereza, akashughulikia habari za Ureno chini ya Kim Philby. Hapo aligundua kwamba baadhi ya maajenti wa Ujerumani walitunga ripoti kichwani mwao ili walipwe, na wakubwa wao waliziamini. Ndipo ilipozaliwa Our Man in Havana, 1958. Muuzaji wa mashine za kufyonza vumbi anafanywa mpelelezi. Hana habari yoyote, basi anabuni majina, anachora vipande vya mashine yake na kusema ni silaha. London inaamini. Msomaji anacheka, mpaka watu wa kweli wanapoanza kufa kwa ajili ya uongo ule.

Philby naye alikuwa akiwatumikia Warusi kwa siri, akakimbilia Moscow mwaka 1963. Greene hakuukana urafiki wao. Mwaka 1978 alitoa The Human Factor, juu ya afisa anayetoa siri za serikali kwa sababu ya deni la shukrani: mkomunisti mmoja alimsaidia mke wake, Mwafrika, kutoroka Afrika Kusini.

Greene alifariki Uswisi tarehe 3 Aprili 1991.

Kwetu Beni na Butembo, ambako mauaji yanatuliza tangu Oktoba 2014, mambo haya si ya kitabuni tu. Jina moja lililotajwa bila ushahidi, ujumbe mmoja uliosambazwa kwa simu, unaweza kumfikisha asiye na kosa mikononi mwa kundi lenye hasira. Amri ya tisa inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kabla ya kupeleka habari mbele, tuulize: nani aliona kwa macho yake, na nani anapata faida tukiamini?